Bett na Brom hawakuachwa huru kwa huruma ya wakili

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Mum Bett, mtumwa mweusi aliyempeleka mmiliki wake, John Ashley, mahakamani huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1781 na kushinda, iliandikwa kwa nia njema na ilipewa ukurasa mzima. Ndiyo maana inauma kuona imepotoka mahali penyewe hasa. Imesema kwamba wakili Theodore Sedgwick alimwonea Bett huruma akamkomboa, kwamba jaji aliguswa na maneno yake akamwachia, na kwamba siku ile utumwa ukafa Massachusetts. Yote matatu si kweli. Walioamua hawakuwa majaji. Maneno mliyoyanukuu hayamo katika kumbukumbu za kesi. Utumwa haukufa siku ile. Naye Sedgwick, ambaye mmemvika kilemba cha ukoka, hakuwa mtetezi wa wanyonge. Alikuwa wakili hodari wa mashauri ya mali, na uhodari huo wa mali ndio uliofungua mlango.

Nianze na mtu mwenyewe, kwa kuwa mmemtaja kama vile aliibuka siku ya kesi na kutoweka jioni yake.

Sedgwick alizaliwa Mei 1746 huko West Hartford, koloni la Connecticut. Baba yake alifariki mtoto angali mdogo, na kaka yake mkubwa, John, akabeba mzigo wa kumsomesha. Alisoma Yale, akaondoka bila kuhitimu. Akaonja masomo ya dini, akayaacha, akaingia kwenye sheria. Makoloni yale hayakuwa na shule ya sheria. Kijana alikwenda kukaa ofisini kwa wakili mzoefu, akanakili hati kwa mkono mchana kutwa, akasoma vitabu vya sheria vya Uingereza usiku, mpaka mwalimu wake aseme ameiva. Mwalimu wa Sedgwick alikuwa Mark Hopkins wa Great Barrington. Mwaka 1766 alikubaliwa kuwa wakili, akafanya kazi Great Barrington na kisha Sheffield, miji jirani ya wilaya ya Berkshire, magharibi kabisa mwa Massachusetts.

Kunakili hati kulikuwa ndiyo shule yenyewe. Sheria ya Kiingereza ya enzi ile ilikwenda kwa aina za hati. Kila kosa lilikuwa na hati yake: deni lina yake, kipigo kina yake, shamba lililovamiwa lina yake, mnyama aliyeshikwa isivyo halali ana yake. Ukiwa na haki ya wazi kabisa lakini umechagua hati isiyo yake, shauri lako linatupiliwa mbali kabla hata shahidi hajafungua mdomo, na gharama unalipa wewe. Wakili alipimwa kwa jambo hilo kabla ya ufasaha wa ulimi. Yeyote anayetaka kuelewa kilichotokea mwaka 1781 ashike hapo kwanza.

Sasa upande wa pili. John Ashley alikuwa mtu mkubwa kuliko wote Sheffield: mwanasheria, mwenye mashamba, na kwa miaka mingi jaji wa Mahakama ya Madai ya Kawaida ya Berkshire. Nyumba yake, iliyojengwa mwaka 1735, ingali imesimama. Januari 1773 kamati ya wanaume 11 ilikutana ndani ya nyumba hiyo kuandika malalamiko dhidi ya Bunge la Uingereza. Ashley aliongoza, na kalamu alishika Sedgwick, kijana wa miaka 26. Azimio lao la kwanza lilisema kwamba binadamu, katika hali ya asili, ni sawa, ni huru na hawategemeani, na wana haki ya kufurahia maisha, uhuru na mali yao bila kusumbuliwa. Mji wa Sheffield uliyapitisha maazimio hayo tarehe 12 Januari 1773, na mwezi uliofuata yakachapishwa katika gazeti la Massachusetts Spy.

Wakati wanaume hao 11 wakiandika hayo, Bett alikuwa mtumwa katika nyumba hiyohiyo. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini masikio alikuwa nayo, na ni vigumu kuamini kwamba katika vikao vile hakupita chumbani hata mara moja na sinia au kuni. Miaka minane baadaye Sedgwick na Ashley walisimama pande mbili za mahakama, wakigombana juu ya maana ya maneno waliyoyaandika pamoja.

Kilichobadilika katikati ni katiba. Massachusetts ilipata katiba yake ya kwanza mwaka 1780, rasimu ikiwa kwa sehemu kubwa kazi ya John Adams, na ikaanza kutumika tarehe 25 Oktoba mwaka huo. Ibara ya 1 ilitamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, na kwamba wana haki za asili ambazo hawawezi kunyang'anywa, miongoni mwake ya kulinda maisha na uhuru wao. Haikutaja utumwa, si kwa kuuruhusu wala kwa kuukataza. Kisa cha kwamba Bett aliisikia ikisomwa hadharani, na kile cha koleo la moto ambalo mke wa Ashley, Hannah, aliliinua kumpiga msichana aliyeitwa Lizzie, Bett akalikinga kwa mkono wake, mkono ukabaki na kovu, vyote viwili vilitunzwa na familia ya Sedgwick na watu waliozungumza nao. Sisemi ni uongo. Nasema ni masimulizi ya familia, na mwandishi wenu ameyachanganya na kumbukumbu za mahakama kana kwamba ni kitu kimoja.

Kumbukumbu za mahakama zina kitu kingine, na kwa maoni yangu kina uzito zaidi: hati iliyoitwa replevini.

Asili yake ni ng'ombe. Chukua mkulima wa Uingereza anayedaiwa kodi ya shamba. Mwenye ardhi anakuja, anashika ng'ombe watatu, anawafungia zizini kwake mpaka alipwe. Mkulima anasema sidaiwi. Akisubiri kesi iishe, ng'ombe watakonda na maziwa atayakosa. Kwa hiyo sheria ilimpa njia ya mkato. Anakwenda kuchukua hati ya replevini, anaweka dhamana kwamba atafungua shauri na kwamba akishindwa atawarudisha wanyama, na sherifu, ofisa mtekelezaji wa amri za mahakama wilayani, anakwenda kuwatoa ng'ombe zizini mara moja. Kesi inafuata baadaye, swali likiwa moja: je, yule aliyewashika alikuwa na haki ya kuwashika? Utaratibu huo ulikuwa na tawi lake la kale kwa ajili ya binadamu anayeshikiliwa na mtu mwingine. Maneno yake yalimwamuru sherifu amtoe mtu huyo bila kuchelewa, isipokuwa kama ameshikwa kwa amri maalumu ya dola, au ya jaji mkuu, au kwa mauaji, au kwa sababu nyingine halali inayomzuia kutolewa.

Hati ya tarehe 28 Mei 1781 ilikuwa ya namna hiyo. Ilimwamuru sherifu wa Berkshire amtoe Brom, mwanamume mweusi wa Sheffield, kibarua, na Bett, mwanamke mweusi wa Sheffield, asiye na mume, kutoka mikononi mwa Ashley. Angalieni walivyoandikwa: wana mji wao, wana hadhi yao, wametajwa kama wakazi wengine wowote wanaofungua shauri. Katiba ilikuwa na miezi saba tu.

Kwa nini hati hii na si nyingine? Sababu ya kwanza, inaomba mtu mwenyewe. Bett angeweza kushtaki kwa kipigo, na kovu alikuwa nalo. Ndivyo walivyofanya mawakili wa Quock Walker, mtumwa mwingine wa Massachusetts aliyeshinda mwaka uohuo huko Worcester dhidi ya Nathaniel Jennison: walidai fidia ya kupigwa, na juri, yaani raia 12 wa wilaya wanaoamua swali la ukweli wa jambo, ikampa pauni 50. Lakini shauri la kipigo linalipa pesa. Uhuru unatokea humo kwa mzunguko, kwa sababu mshtakiwa atajitetea kwamba alimwadhibu mtumwa wake, na hapo ndipo juri inalazimika kusema ni mtumwa au si mtumwa. Replevini inakwenda moja kwa moja.

Sababu ya pili ni kwamba inamlazimisha mwenye kushikilia aseme. Akimtoa mtu, mambo yamekwisha. Akikataa, lazima ataje mbele ya sherifu sababu inayompa haki, na sababu hiyo inaingia kwenye maandishi. Ashley aliingia hapohapo. Sherifu alipofika alikataa kuwatoa, kwa madai kwamba ana haki ya utumishi wao maisha yao yote. Hati ikarudiwa, akakataa tena. Mahakama ikamwita aje ajibu Agosti.

Sababu ya tatu ni juri yenyewe. Ombi la kumleta mfungwa mbele ya jaji lingeishia mezani kwa jaji, na ni hivi karibuni tu Ashley mwenyewe alikuwa akikaa na majaji wa mahakama ile. Replevini iliivusha kesi meza hiyo na kuifikisha kwa wakulima.

Sedgwick hakwenda peke yake. Alimchukua Tapping Reeve wa Litchfield, Connecticut, ambaye pengine alikuwa mwalimu bora wa sheria katika Marekani yote ya wakati ule. Mwaka 1784 Reeve alianzisha rasmi shule ya sheria Litchfield, ambayo kabla ya kufungwa ilipitiwa na wanafunzi zaidi ya 1,000. Upande wa Ashley walisimama David Noble na John Canfield.

Shauri liliitwa tarehe 21 Agosti 1781, Great Barrington. Mawakili wa Ashley walianza na kile ambacho mawakili wetu wangekiita pingamizi la awali: wadai hawa wawili, siku hati ilipotolewa, walikuwa watumishi weusi wa mdaiwa kwa maisha yao yote, kwa hiyo hawana uwezo wa kumshtaki na shauri lifutwe. Pingamizi hilo lilikuwa la hatari sana, kwa sababu lingepita, kesi ingekufa mlangoni. Jibu la Sedgwick na Reeve lilikuwa fupi: hawakuwa watumishi wake wa maisha siku hati ilipotolewa, na tuko tayari juri iamue. Kwa jibu hilo pingamizi liligeuka kuwa kesi nzima. Swali lililokwenda kwa watu 12 likabaki moja tu: je, Brom na Bett walikuwa watumwa wa John Ashley siku ile ya Mei?

Juri ikajibu hapana. Ikawapa fidia ya shilingi 30, na mahakama ikamwamuru Ashley alipe gharama za kesi, pauni 5, shilingi 14 na peni 4. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo fidia ya watu wawili waliotumikishwa bila ujira ilikuwa pauni moja na nusu, na gharama za kesi zilikuwa karibu mara nne yake. Msomaji asishangae sana kwa udogo wa fidia. Katika replevini pesa ni nyongeza. Kilichodaiwa ni mtu, na huyo alikwisha patikana.

Jalada la kesi halina neno hata moja juu ya Ibara ya 1. Makarani wa wakati ule hawakuandika hoja za mawakili, waliandika hati, majibu, uamuzi na hesabu. Hoja mbili tunazozijua zilitoka kwa Sedgwick na familia yake: kwamba hapakuwa na sheria yoyote ya Massachusetts iliyouanzisha utumwa, na kwamba hata kama uliingia kwa desturi, katiba mpya imeufuta. Hoja ya pili ndiyo inayonukuliwa kila siku. Ya kwanza inastahili kuangaliwa pia, kwa kuwa ni hoja ya mwanasheria wa mali kabisa: anayesema kitu ni chake aonyeshe hati yake.

Ashley alikata rufaa kwenye Mahakama Kuu ya Massachusetts. Rufaa ilikuwa isikilizwe Oktoba. Septemba, huko Worcester, mahakama hiyohiyo ilishughulikia mashauri ya Quock Walker na upande wa Jennison ukaangukia pua. Oktoba ilipofika Ashley aliikubali hukumu, akaacha rufaa na kulipa gharama. Hapa ndipo makala yenu ilipopiga chuku. Kwa kuwa rufaa iliachwa, hakuna mahakama ya juu iliyotoa uamuzi katika kesi ya Brom na Bett, na hukumu ya mahakama ya wilaya haikuyafunga mabaraza mengine. Kauli ya juu kabisa ilikuja Aprili 1783, Jennison aliposhtakiwa kwa jinai kwa kumpiga Walker, na Jaji Mkuu William Cushing akaiambia juri kwamba utumwa haupatani na katiba ile. Hata baada ya hapo Bunge la Massachusetts halikupitisha sheria ya kuufuta. Uliisha kwa kuwa mabwana walijua kwamba mtumwa akienda mahakamani atashinda. Sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja katika jimbo lile. Berkshire ilikuwa hatua ya mwanzo ya njia hiyo, na hiyo ni heshima ya kutosha bila kuitia chumvi.

Nirudi kwa Sedgwick, maana sifa ya ukombozi mliyompa inagongana na maisha yake mengine yote.

Baada ya vita vya uhuru wakulima wa magharibi ya Massachusetts walizama kwenye madeni na kodi. Mashauri ya kuwafilisi yalisikilizwa Mahakama ya Madai ya Kawaida, na Sedgwick alikuwa miongoni mwa mawakili wa wadai. Septemba 1786 umati uliizuia mahakama ya Great Barrington isikae, ileile iliyowaweka huru Brom na Bett miaka mitano kabla. Huo ulikuwa uasi unaojulikana kwa jina la Daniel Shays, na Sedgwick aliuchukia kwa moyo wake wote. Tarehe 27 Februari 1787 waasi wakiongozwa na Perez Hamlin waliuvamia mji wa Stockbridge, alikokuwa amehamia, wakaipekua nyumba yake yeye akiwa safarini. Aliyekuwa nyumbani ni Bett, sasa Elizabeth Freeman. Familia inasimulia kwamba alificha vyombo vya fedha ndani ya sanduku lake mwenyewe, na waasi walipotaka kulifungua aliwaaibisha kwamba wanaojiita watetezi wa wanyonge wanapekua sanduku la mjakazi mweusi. Wakaliacha.

Katika siasa alipanda hadi juu. Aliunga mkono Katiba ya Marekani katika mkutano wa Massachusetts wa 1788, ambako ilipita kwa kura 187 dhidi ya 168. Aliingia Baraza la Wawakilishi tangu lilipoanza mwaka 1789, akawa Seneta mwaka 1796, kisha Spika wa Baraza la Wawakilishi kuanzia Desemba 1799 hadi Machi 1801. Alikuwa wa chama cha Wafederali, rafiki wa kisiasa wa Alexander Hamilton, na aliamini kwamba nchi inapaswa kuongozwa na wenye elimu na mali. Februari 1801, Thomas Jefferson na Aaron Burr walipokuwa wamefungana kwa kura 73 kila mmoja katika uchaguzi wa urais, Baraza lililopaswa kuamua liliongozwa na yeye. Majimbo yalikuwa 16, kila moja kura moja, na mshindi alihitaji 9. Walipiga kura mara 36, kuanzia tarehe 11 hadi 17, ndipo Jefferson akapata 10. Sedgwick alitaka Burr. (Burr alikuwa shemeji ya Tapping Reeve na mwanafunzi wake wa kwanza, Marekani ile ilikuwa ndogo kuliko tunavyodhani.)

Na kwa kuwa ninaandikia gazeti, siwezi kuliruka hili. Akiwa Spika alimnyima nafasi ya kukaa ukumbini Samuel Harrison Smith, mchapishaji wa National Intelligencer wa Washington, na baadaye akampiga marufuku hata kwenye roshani ya wasikilizaji, kwa kutoridhika na namna alivyoripoti mambo ya Baraza.

Zito zaidi ni la mwaka 1791. Novemba mwaka ule Sedgwick alikuwa katika kamati ya watu watatu iliyoleta bungeni rasimu ya sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka kutoka jimbo moja kwenda jingine. Rasimu ile haikufika mbali, lakini sheria ya namna hiyo ilitungwa Februari 1793, na chini yake watu weusi wa majimbo huru walikamatwa na kupelekwa kusini kwa miongo mingi. Mtu yuleyule aliyesimama Great Barrington miaka 10 kabla! Sioni kwamba alijipinga kwa maoni yake mwenyewe. Kwake mkataba kati ya majimbo ulikuwa kitu cha kuheshimiwa, na aliheshimu hati zaidi ya alivyomheshimu mtu. Massachusetts haikuwa na hati ya utumwa. Virginia ilikuwa nayo. Kwa Bett tofauti hiyo ilikuwa uhuru. Kwa mtoro wa Virginia ilikuwa mnyororo. Mimi nalihesabu kuwa kosa kubwa la maisha yake, na makala inayomwita mkombozi bila kulitaja inawanyima wasomaji wenu nusu ya mtu.

Tangu 1802 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Massachusetts, mpaka alipofariki Boston tarehe 24 Januari 1813.

Makala imesema Bett aliendelea kuitumikia familia ya Sedgwick kwa shukrani. Aliwafanyia kazi kwa mshahara. Ashley alimwomba arudi kwake kwa malipo, akakataa. Kwa akina Sedgwick alilea watoto, na mke wa wakili, Pamela, alipougua akili kwa vipindi virefu, ni Bett aliyeweza kumtuliza. Alikuwa pia muuguzi na mkunga anayetafutwa na majirani. Alinunua ardhi na kuwa na nyumba yake mwenyewe Stockbridge, na mwaka 1829 aliandikisha wosia, akatia alama badala ya saini. Mtu mwenye ardhi na wosia ni mtu aliyeijua mali vizuri, na bila shaka alijua tofauti ya kuimiliki na kuwa yenyewe.

Alifariki tarehe 28 Desemba 1829. Amezikwa Stockbridge katika makaburi ya akina Sedgwick, yaliyopangwa kwa duara kumzunguka Theodore na Pamela, na jiwe lake linasema umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 85. Jiwe hilo pia linasema alibaki mtumwa kwa karibu miaka 30. Ukichukua hesabu za jiwe lenyewe, alizaliwa karibu 1744 na aliachiwa 1781, yaani miaka kama 37. Walioandika walimpenda, hilo linaonekana katika kila mstari, lakini miaka saba ya utumwa wake imepotea pale kwenye jiwe.

Yale maneno mliyoyaweka kwa herufi nzito, kwamba angepewa dakika moja ya uhuru kisha afe angeichukua, hayakusemwa mahakamani. Yaliandikwa na binti ya wakili, mwandishi Catharine Maria Sedgwick, katika makala iliyochapishwa mwaka 1853, miaka 24 baada ya Bett kufa. Catharine alilelewa na Bett na alimwita mama. Huenda aliyasikia kwa masikio yake. Yaandikeni hivyo basi: kama alivyosimulia Catharine.

Picha nayo. Chini yake mmeandika kuwa alipigwa picha mwaka 1811. Kamera haikuwapo, upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839, Bett akiwa kaburini miaka 10. Ile ni picha ya rangi za maji iliyochorwa juu ya kipande cha pembe ya ndovu na Susan Ridley Sedgwick, mkwe wa wakili, na ipo Boston katika hazina ya Massachusetts Historical Society. Amevaa gauni la buluu, kofia nyeupe na mkufu wa shanga za dhahabu. Anamtazama mchoraji moja kwa moja.

La mwisho ni jina la kesi. Mmeiita kesi ya Mum Bett, na makala nzima haikumtaja mdai wa kwanza, Brom, hata mara moja. Wanahistoria wengi wanaona kwamba aliunganishwa kwenye shauri kwa sababu mwanamke peke yake angekuwa na nafasi finyu mbele ya sheria ya wakati ule. Hakuna aliyemchora, na hana jiwe katika duara la Stockbridge. Lakini karani wa Great Barrington aliliandika jina lake kwanza, na fidia ya shilingi 30 ilikuwa yake pia. Naomba masahihisho yenu yaitaje kesi kama ilivyo kwenye kitabu cha mahakama: Brom na Bett dhidi ya John Ashley.

Msomaji wenu,
Tanga